Beta wangu siku ya nne amelala chini, hali wala haogelei

SWALI

Mjomba shikamoo. Mi niko Arusha, Sakina huku. Mwezi wa tano nilishuka Dar kwenye harusi, wanangu wakanisumbua niwaletee samaki, nikanunua beta mmoja wa bluu mkia mwekundu, elfu 15, nikapanda naye basi yuko kwenye mfuko wa maji mapajani mpaka Arusha na alifika mzima kabisa. Watoto wakampa jina Bosi, kwa sababu ukimwekea kioo anavimba na kutanua mapezi kama mwenye nyumba siku ya kodi.

Anakaa kwenye bakuli la kioo la duara, lita 3 hivi, liko dirishani pembeni ya tivii. Kila Jumapili natoa maji yote, naosha bakuli na sabuni ya vyombo, naweka mengine ya bomba. Chakula ni vile vipunje, asubuhi na jioni, ila nahisi dada wa kazi naye anampa na watoto nao wanampa. Sasa tangu Jumatano kalala chini, mapezi kayakunja, rangi imepauka, chakula hataki kinaelea tu mpaka kinaoza, mara mojamoja anapanda juu anameza hewa halafu anashuka kama jiwe. Jirani kasema nifungue kapsuli ya tetrasaiklini nimmwagie, mume wangu anasema nimtupe chooni tununue mwingine. Watoto wanalia. Nifanyeje?

Mama wawili, Arusha

JIBU

Marahaba mama. Hiyo kapsuli irudishe kwenye boksi lake, na mzee mwambie asubiri kidogo, maana samaki anayepanda mwenyewe kuvuta hewa bado yupo.

Barua yako nimeisoma mara mbili na kusema kweli nilipofika kwenye "Arusha" na "dirishani" nikaweka kalamu chini. Umemtoa Dar mwezi wa tano, sasa hivi ni mwezi wa saba, usiku huko kwenu nje joto linashuka mpaka nyuzi 12 au 13, nyie mmejifunika blanketi mbili, na yeye yuko kwenye lita 3 za maji pembeni ya kioo cha dirisha. Lita 3 hazina ubavu wa kutunza joto mama, saa nne usiku zishapoa. Na samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi, maji yakiwa nyuzi 18 na yeye ndani ni 18, damu inatembea taratibu, chakula tumboni hakisagiki, kinga ya mwili nayo inalala. Beta kwao ni Thailand na nchi jirani, kwenye vinamasi na majaruba ya mpunga, maji ya kina kifupi yanayopigwa na jua kutwa nzima. Anataka nyuzi 25 mpaka 27. Chini ya 20 anazubaa hivyo hivyo ulivyoeleza, na watu wengi wanadhani ana ugonjwa fulani wenye jina kumbe kapigwa na baridi tu.

Kwa hiyo leo leo kabla ya kutafuta dawa tafuta kipimajoto. Vile vya kioo vya samaki ni bei ndogo, na ukikosa hata cha jikoni kinafaa ili mradi kioshwe na maji matupu. Usipime kwa kidole, kidole chako nacho kina baridi, kitakudanganya.

Ukikuta iko chini usije ukammiminia maji ya moto ukidhani unamsaidia, mpando wa ghafla unamuua haraka kuliko baridi yenyewe. Toa bakuli dirishani, lihamishie chumba chenye joto kuliko vyote (wengi ni jikoni, ila mbali na jiko na moshi wa mkaa), liweke ndani ya beseni, halafu kwenye beseni ndo umimine maji ya uvuguvugu yafike nusu ya bakuli. Yakipoa unabadilisha ya beseni, ya kwenye bakuli huyagusi. Panda nyuzi moja kwa saa hivi, ukiona kipimajoto kinakimbia kuliko hapo toa bakuli kwanza lipumzike. Usiku lizungushie kanga nzito au taulo pembeni, juu acha wazi apate hewa, na chupa ya maji ya moto iegemezwe kwa nje. Ni kazi, najua, ni ya siku mbili tatu tu mpaka upate hita.

Hita nayo nunua, huko Arusha si anasa. Kwa tangi la lita 20 watu wa Dar wanatumia ya wati 25 na wengi hawatumii kabisa, kwa baridi yenu mi ningechukua ya wati 50 yenye kujizima yenyewe. Na hata ikiwa inajizima bado kipimajoto kikae ndani ya maji masaa yote. Nakwambia hivi kwa uchungu: miaka hiyo nilinunua hita ya bei chee, usiku ikagoma kuzima, asubuhi naamka maji nyuzi 36 na beta wangu mweupe niliyemlea mwaka na nusu anaelea. Sikuwa na kipimajoto, ningekuwa nacho ningeona tangu jioni.

Haya, sasa maji yenyewe. Hapa ndo watu wengi mnakosea na wala si wewe peke yako. Samaki anakojoa na kunya humo humo, uchafu huo unatoa sumu inayoitwa amonia, na amonia nyingine inatoka kwenye matamvua yake kila anapopumua. Lita 3 zenye samaki mmoja anayelishwa na watu wanne, halafu na vipunje vinavyooza chini, kufika Ijumaa hayo si maji tena. Amonia inaunguza matamvua kama vile moshi wa pilipili unavyokuunguza kifua. Samaki mwingine ungemuona juu anahema mapema ukashtuka, lakini beta ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja, ndo maana wanawauza kwenye vikombe na hawafi hapo hapo. Anavumilia, anavumilia, wewe unaona yuko poa, siku anayolala chini ujue keshavumilia wiki nyingi. Hicho kipaji chake ndo kinachomponza, ukiniuliza mimi.

Halafu Jumapili unakuja kumalizia. Unatoa maji yote, unaosha kwa sabuni, unaweka ya bomba yenye klorini na baridi ya bomba la Arusha asubuhi. Sabuni hata ukisuuza inabaki, na inamvua ule utelezi wa mwilini ambao ndo koti lake. Kuanzia leo sabuni ikae mbali na hilo bakuli milele. Maji ya bomba chota kwenye ndoo leo, acha wazi mpaka kesho, klorini ya kawaida itakuwa imetoka, au tumia ile dawa ya matone ya kutoa klorini kama ukiipata dukani. Kwa huyu mgonjwa badilisha robo mpaka theluthi ya maji kila siku kwa wiki nzima, usitoe yote, na yale mapya yawe na joto sawa na yaliyomo, pima yote mawili. Uchafu wa chini unyonye kwa mpira mwembamba, ule wa dripu unafaa sana. Na maji yasiwe na kina kirefu, sentimita 12 au 15 zinatosha, ili asichoke kupanda kuvuta hewa.

Swali ambalo hukuliandika lakini lazima nikuulize: jioni mnapiga dawa ya mbu ya kupuliza sebuleni? Karibu zote zina sumu za jamii ya pairethroidi, mtu hazimsumbui sana ila kwa samaki ni hatari kupita kiasi, na huyu anavuta hewa ile ile ya juu ya maji. Kama mnapiga acheni hicho chumba, au mhamisheni kabla hamjapuliza na arudi asubuhi madirisha yakishafunguliwa. Nimeona matangi mazima yakiisha kwa sababu ya mbu wawili.

Chakula: leo na kesho hali kitu. Usimwonee huruma, beta mzima anakaa siku mbili tatu bila kula na hana habari, na huyu wako tumbo lina mzigo ambao baridi imeuzuia kusagika. Sisi tunaofuga tuna kipimo chetu cha kienyeji, kwamba tumbo lake ni kama ukubwa wa jicho lake, sasa angalia jicho la Bosi halafu hesabu vipunje anavyopewa na wewe, dada, na watoto wawili. Siku ya tatu mjaribu na kipunje kimoja kilicholowekwa. Akikitema kitoe, usikiache kioze. Kama unaweza kupata viluwiluwi vya mbu, hapo umemaliza, hicho ndo chakula cha kwao, hata aliyekata tamaa kabisa anageuka akiona kimdudu kinajikunja mbele yake. Ila usichote mtaroni. Weka kopo la maji safi nje uani siku kadhaa, wakitokea chuja kwa kichujio cha chai, na usiwaache wawe mbu.

Wakati unasubiri mkague. Chukua tochi ya simu, ummulike kwa pembeni. Vidoti vyeupe kama kamwagiwa chumvi, hivyo ni vijidudu vya ngozi, na ukimuona kama kapakwa vumbi la dhahabu halafu anajikuna kwenye mawe, ni vingine vya namna hiyo hiyo, vinahitaji dawa yake maalum na hapo niandikie tena upesi. Mapezi yaliyochanika yenye ukingo mweusi au mwekundu yameanza kuoza, mara nyingi maji safi na joto vinatosha kuyarudisha, na ukiongeza chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 4, iliyoyeyushwa pembeni kwanza, si zaidi ya siku 10, inasaidia. Tumbo limevimba upande mmoja na hanyi, hapo chumvi inayofaa ni ile ya Epsom, magnesiamu salfeti, ya famasi, kipimo hicho hicho. Hizi ni chumvi mbili tofauti kabisa, ya jikoni haimfungui mtu tumbo, naona watu wanachanganya kila siku.

Mtazame na kwa juu pia. Magamba yakiwa yamesimama mwili mzima kama ganda la nanasi, hiyo mama ni habari mbaya, maana yake maji yamejaa mwilini na figo zimeshindwa, wanaopona ni wachache. Kwa ulivyonieleza sidhani kama mmefika huko. Ikitokea mmefika usimtupe chooni angali hai, anakufa taratibu na vibaya. Mafuta ya karafuu, haya haya yetu ya Zanzibar, matone machache yakitikiswa kwenye kachupa ka maji kisha yakamiminwa polepole alipo, analala usingizi, unaongeza mengine na kumwacha humo nusu saa nzima baada ya matamvua kutulia. Watoto wasiwepo. Na msije mkamwachia mtoni, hata akiwa mzima.

Kuhusu tetrasaiklini, sikatai kwamba kuna samaki wanatibiwa kwa antibayotiki, ila hujui kama ana bakteria, hujui kipimo cha lita 3, na maji yenye chokaa nyingi yanaifunga hiyo dawa isifanye kazi, kwa hiyo unaweza ukawa unampaka maji rangi tu huku unazidi kuyachafua. Baridi haitibiwi na kapsuli.

Sasa kuna kitu kimoja nakipenda na kiko bure. Jani la mkungu. Ule mti wa kivuli uliojaa pwani yote, Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, watoto wanagonga kungu kwa mawe wanakula kiini. Wafugaji wa beta wa Thailand na majirani zao wanatumia majani ya mti huo huo tangu zamani, wengine sasa wanayafunga kwenye pakiti na kuyauza mtandaoni, na sisi tunayafagia asubuhi tunayachoma. Mwambie ndugu yako wa Dar akuokotee yaliyoanguka yenyewe, yaliyokauka ya kahawia, si ya kijani, si ya kando ya barabara yenye moshi wala palipopigwa dawa. Unaosha, unayamwagia maji ya moto, unayatupia humo, jani moja kubwa kwa lita 20, kwa bakuli lako kipande cha kiganja tu. Maji yatageuka rangi ya chai kavu. Usiogope, ndo inavyotakiwa, yanalainisha maji kidogo na yanazuia fangasi na baadhi ya bakteria, na mgonjwa anapata kajani ka kulalia karibu na juu. Si muujiza, ukiweka jani kwenye maji ya nyuzi 17 umepika chai baridi tu.

Akishapona mhamishe. Boksi la plastiki angavu la kuwekea nguo, lita 20, ni rahisi kuliko akwariamu na Bosi hatajua tofauti, ila hita isiguse plastiki. Weka filta ndogo ya sponji yenye mapovu ya taratibu maana mapezi yake hayawezi mkondo, na ujue filta inachukua kama wiki 4 mpaka 6 kuotesha wale bakteria wazuri wanaokula amonia, kipindi hicho endelea kubadilisha maji kidogo kidogo. Sponji usiioshe bombani, kamulia kwenye maji uliyotoa humo humo tangini. Juu funika na wavu, beta anaruka.

WENGINE WALIOULIZA

Msomaji wa Mikocheni anasema yeye yuko Dar, baridi itoke wapi, lakini beta wake kila asubuhi kazubaa chini na mchana yuko fiti. Ndugu yangu, hilo tangi liko chumbani kwako na unalala na eisi, siyo? Ya kwako 20, ya kwake 20, jua likitoka anafufuka. Mhamishie sebuleni.

Wa Mombasa yeye ana beta mwaka wa tatu sasa, anakula vizuri, maji safi, joto sawa, ila siku hizi analala sana juu ya jani. Hapo hakuna ugonjwa, huyo ni mzee. Wengi wanaishi miaka 2 mpaka 4, na wa dukani ukimnunua mara nyingi keshamaliza miezi kadhaa. Punguza kina cha maji, mwekee majani ya kulalia karibu na juu, mpe chakula laini, mwache ale pensheni yake.

Na kijana aliyeuliza kama beta mpweke anaweza kuzubaa kwa kukosa mwenzake, kwa hiyo amuongezee dume mwingine: usithubutu. Wathai wanamwita pla kat, samaki anayeng'ata, na mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa, na walianza kumpenda hivyo kwa sababu ya kupiganishwa. Upweke haumsumbui.

TUMEPATA MAJIBU

Kabla hatujaenda mtamboni Mama wawili akanitumia ujumbe. Nauweka kama ulivyo.

"Mjomba asante. Kipimajoto nilikipata asubuhi yake, maji yalikuwa 17! Nikafanya ya beseni, mpaka usiku tukafika 24, kesho yake 26. Na kweli dawa ya mbu tulikuwa tunapuliza kila jioni hapo hapo kwenye tivii, tumeacha. Siku ya pili akanya, uzi mrefu kweli, watoto wakashangilia kama goli. Siku ya tano nikamuwekea kiluwiluwi kimoja, akakiangalia, akajivuta, akakidaka. Leo anajenga kiota chake cha mapovu kwenye kona. Majani ya mkungu yapo njiani na basi. Tatizo jipya ni mume wangu, yule aliyetaka kumtupa, sasa ndo anaamka saa kumi na moja anakaa mbele ya bakuli anampa vipunje kimoja kimoja anasema eti Bosi anamtambua. Nimzuieje?"

Bosi anamtambua kweli mama, beta wanamjua anayewalisha. Hamisha kopo la chakula, mwachie vipunje 3 kwenye kisosi cha chai kila usiku kabla hujalala, akivimaliza vimeisha.